Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili: Safu za Glebe

Chumba nilichopanga Glebe, kitongoji kilicho jirani kabisa na katikati ya jiji la Sydney, kina ukuta ambao si wetu peke yetu wala si wa jirani peke yake. Usiku nasikia ngazi za mbao za upande wa pili zikilia mama jirani anapopanda kulala, naye bila shaka husikia zangu. Nyumba hizi ni za enzi ya Malkia Victoria, nyingi zikiwa zimejengwa miongo ya mwisho ya karne ya 19, na zimeshikana bega kwa bega zikiteremka kilima, kila paa chini kidogo ya lile linalolitangulia. Ule ukuta wa pamoja umepandishwa hadi juu ya mapaa, ili moto ukizuka nyumba moja usirukie ya pili.

Mgeni akifika hutazama roshani kwanza, na ana haki. Vizuizi vyake ni vya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, chenye maua na majani ya kangaga, kikionekana kwa mbali kama kitambaa kilichodariziwa. Vya kwetu vimepakwa rangi mara nyingi hata petali zimevimba na kupoteza ncha zake. Siku moja nilikwangua pembe ndogo kwa kisu, nikahesabu matabaka saba kabla ya kufika kwenye chuma, la chini kabisa likiwa la kijani kilichokolea. Hata hivyo, tukiziita nyumba hizi urithi kwa sababu ya roshani tu, tutakuwa tumehifadhi sehemu iliyo rahisi kuliko zote kuhifadhiwa.

Chukua ukuta wenyewe. Matofali ya zamani ni laini, nayo yaliunganishwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu uliopanda kutoka ardhini utoke nje taratibu. Kabla sijahamia, fundi mmoja aliletwa kuziba nyufa, akapiga lipu ya saruji kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Saruji haipumui. Unyevu ulipokosa njia ulipanda juu zaidi, na leo juu tu ya mstari wa saruji rangi inabanduka, chumvi nyeupe inachanua kama unga, na ukipitisha kidole tofali linamomonyoka. Anayetazama kutoka barabarani ataapa kwamba nyumba haijaguswa.

Au pita nyuma, kwenye kichochoro ambacho watalii hawakipigi picha. Kabla ya mabomba ya maji machafu kufika, choo kilikuwa mwisho wa ua, na wachukuaji walipita usiku kwenye vichochoro vya namna hii kubeba ndoo za kinyesi. Kichochoro kinaeleza maisha ya mafundi, vibarua na wafuaji waliobanana humu kuliko roshani zote za mbele, na ningependa mawe yake yalindwe kwa bidii ileile.

Safu hizi zilibakije wakati sehemu nyingine za jiji zilivunjwa? Sababu kubwa ni umiliki. Ardhi ya Glebe, ambayo ni ya wenyeji asilia wa Gadigal na Wangal, iligawiwa na utawala wa Waingereza mwaka 1790 kwa ajili ya kasisi wa koloni, na jina lenyewe linamaanisha ardhi ya kanisa. Sehemu iliuzwa baadaye, lakini eneo kubwa lilibaki mikononi mwa Kanisa la Anglikana, likikodishwa kwa mikataba mirefu. Kufikia miaka ya 1960 nyumba zilikuwa zimechakaa, na wataalamu wa mipango ya barabara walikuwa wamechora barabara kuu za kasi kupita katikati ya kitongoji. Wakazi waliunda chama chao mwaka 1969 kupinga. Chama cha vibarua wa ujenzi, kilichoongozwa na Jack Mundey, kikawaunga mkono kwa kukataza wanachama wake kuvunja majengo ambayo wananchi walitaka yabaki.

Kisha mwaka 1974 serikali ya shirikisho ya Australia chini ya waziri mkuu Gough Whitlam, huku Tom Uren akiwa waziri wa maendeleo ya miji, ikanunua eneo la kanisa lenye nyumba zipatazo 700 kwa dola milioni 17.5. Nia haikuwa kutengeneza makumbusho. Zilikarabatiwa ili watu wa kipato kidogo waendelee kuishi walipokuwa wakiishi, na kwangu mimi huo ndio uamuzi wa uhifadhi uliokamilika kuliko wowote ninaoujua katika jiji hili.

Pima kwa kilichotokea Millers Point, mwendo mfupi kutoka hapa. Mwaka 2014 serikali ya jimbo la New South Wales ilitangaza kuuza nyumba zake 293 huko na katika eneo la The Rocks. Sheria ya urithi ililinda kuta, lakini wapangaji, baadhi yao wakitoka katika familia zilizokaa hapo vizazi kadhaa, walihamishwa. Nimepita mitaa hiyo jioni. Chuma kinang'aa, milango imepakwa upya, na ninahuzunika kila mara, kwa kuwa waliojua ni mlango gani wa nani hawapo tena.

Jirani yangu ni mpangaji wa serikali, nasi tumo katika nyumba ya mtu binafsi. Sasa mwenye nyumba wetu amekubali saruji ibanduliwe na ukuta upigwe lipu ya chokaa, na fundi wa safari hii, mwashi mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake, amesema hagusi kitu mpaka pande zote mbili ziridhie, kwa sababu unyevu haujui mpaka wa kiwanja. Nilimpelekea mama jirani barua ya idhini juzi. Alinikaribisha chai, akanionyesha chumvi ileile ikichanua nyuma ya kabati lake, kisha akatia saini. Kazi inaanza Jumatatu, kwanza upande wake.