Kadi, disketi na herufi X: jinsi nilivyoihamisha maktaba yetu mara mbili

Nilipokabidhiwa maktaba ya shule nilipewa funguo mbili, mmoja wa mlango na mwingine wa kabati la kadi. Kabati lilikuwa na droo 24, na kila kitabu kilikuwa na kadi tatu: ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Vitabu vilikuwa 3,400 na ushei, kwa hiyo kadi zilipita elfu kumi. Kitabu kimoja kikipotea, kadi tatu za kung'oa, na hakuna aliyekuwa akizing'oa. Mwanafunzi anakiona kitabu kwenye droo, anakwenda rafuni, anarudi mikono mitupu.

Kompyuta ya kwanza ilipofika mwaka 1998, sikuhitaji kubembelezwa. Programu tuliuziwa pamoja na mashine. Mimi na wanafunzi wa zamu tulichapa kila siku baada ya vipindi, na ilituchukua zaidi ya mwaka. Tulipomaliza nikanakili kila kitu kwenye disketi moja ya megabaiti 1.44, na nafasi ikabaki. Droo 24 ndani ya kitu cha kutia mfuko wa shati! Kwa furaha hiyo nikaacha kabisa kuandika kadi, na kabati likapelekwa stoo.

Mwaka 2006 mashine ikafa. Disketi ilikuwepo, tena ilisomeka, lakini faili lilifunguka kwa programu ile tu, na programu yenyewe ilikataa kukaa kwenye kompyuta mpya. Aliyetuuzia alikwishafunga biashara. Nilipolifungua faili kwa njia nyingine niliona alama za ajabu tupu, hapa na pale jina la mwandishi limechomoza kama kichwa cha mtu anayezama. Nikarudi stoo kwenye kadi: ziliishia mwaka 1999. Vitabu vya miaka saba iliyofuata havikuandikwa popote, vilikuwa rafuni tu.

Tukaanza upya, rafu kwa rafu. Safari hii sikutafuta programu kwanza. Nilifungua jedwali la kawaida na kuweka safu chache: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, namba ya Dewey (inayopanga vitabu kwa mada), na ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu. Kila Ijumaa nililihifadhi pia kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, faili ambalo kompyuta yoyote inaweza kulifungua.

Kisha tukapata kisoma msimbopau, kifaa kinachosoma mistari ya namba kwenye jalada, nacho kikatuaibisha. Nikikipitisha kwenye kitabu ambacho nakiona mezani, jedwali linajibu hakipo. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, kipo, mimi mwenyewe nilikichapa." Alisema kweli. Tulikuwa tumechapa namba iliyoandikwa ndani ya kitabu, yenye tarakimu 10, wakati mistari ya jalada la nyuma inabeba tarakimu 13. Tangu Januari 2007 ISBN zote zinatolewa kwa tarakimu 13, lakini vitabu vyetu vingi vilikuwa vya zamani, na vile vya kabla ya ISBN kuanza havikuwa na namba kabisa. Hivyo tulivibandikia namba zetu wenyewe.

Dawa haikuwa kuchapa tena. Unaondoa tarakimu ya mwisho ya namba ya zamani, unatanguliza 978, kisha unatafuta tarakimu mpya ya kuhakiki, ile ya mwisho inayofichua kosa la kuchapa: unazidisha tarakimu kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3, hadi ya kumi na mbili, unajumlisha, na kiasi kinachopungua kufikia kumi kamili inayofuata ndicho tarakimu ya mwisho. Fomula moja kwenye jedwali ikageuza maelfu ya namba kwa kufumba na kufumbua.

Kabla ya kugeuza, niliihakiki kila namba ya zamani kwa tarakimu yake ya mwisho, na kama mia mbili hivi zikakataa. Nilizikagua siku mbili bila kuelewa, mpaka nikashika kitabu chenyewe: namba iliishia na X. Katika mfumo wa tarakimu 10, hesabu ya kuhakiki hugawanywa kwa 11, na tarakimu ya kuhakiki ikitoka kumi huandikwa X, kama Warumi. Wachapaji wangu walidhani ni kosa la kiwanda wakaandika sifuri. Aliyewaambia hivyo, kwa bahati mbaya, ni mimi.

Baada ya hapo kuhamia Koha hakukuwa na kishindo. Ni programu huria ya kuendeshea maktaba, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Inahifadhi taarifa kwa muundo wa MARC, ulioasisiwa na Henriette Avram katika Library of Congress, Maktaba ya Bunge la Marekani, miaka ya 1960. Humo kila taarifa ina namba ya sehemu yake: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 020 ni ISBN. Jedwali letu liliingia lote.

Kilichonichukua muda zaidi ni kadi za stoo. Mtangulizi wangu alikuwa akiandika kwa penseli nyuma yake: "kurasa 41 hadi 48 zimechanika", "wadogo wanakigombania", "soma kabla ya kumpa mtu mwenye msiba". Mashine ya kwanza haikuwa na mahali pa maneno hayo, na mimi sikuyajali. MARC inalo: 500, maelezo ya jumla. Nimeyaingiza yote, jioni baada ya jioni, na bado nabaki na droo nne.

Sasa wanafunzi wanatafuta kwa kishikwambi, na Wikipedia tunaisoma bila intaneti kupitia programu ya Kiwix. Orodha nzima naitoa kila mwezi kama maandishi, nakala mbili, kompyuta tofauti. Mara moja kwa mwaka naichapisha pia kwenye karatasi na kuipiga pini. Wanafunzi wananicheka. Umeme ulipokatika juzi, ndiyo waliyoigombania.