Kutoka Ziwa Victoria hadi matumbawe ya Mnemba

Ukizoea kuzamia Mwanza, kukagua boti kwa chini au kunasua nyavu, kiasi cha risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kukuzamisha, unachofunga kiunoni unakijua kwa kichwa. Baharini hesabu hiyo haifai. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo yanakuinua zaidi. Mimi na vifaa vyangu tunakaribia kilo 100, basi kwa ajili ya Mnemba, kisiwa kidogo cha Zanzibar, niliongeza kilo 2.5.

Usikisie. Mwambie kiongozi wa uzamiaji kwamba umezoea maji yasiyo na chumvi, kisha jipime kando ya boti. Toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, lile unalolijaza na kulipunguza hewa kwa kitufe, vuta pumzi ya kawaida uishikilie kidogo, simama wima bila kupiga mapezi. Maji yakikomea machoni uko sawa, na ukitoa pumzi utazama polepole. Ukijipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2 hivi. Mtungi wa lita 12 wenye mgandamizo wa baa 200 umebeba hewa ya karibu kilo 3, na sehemu kubwa utaimaliza. Mtungi wa alumini unapokaribia kuisha huanza kuelea, na aliyepunguza risasi hushindwa kutulia kwenye mita 5 wakati wa kupanda. Aliyezidisha naye hujaza jaketi hewa kila mara, miguu inaning'inia, mapezi yanavunja matumbawe.

Kilichonitaka nidhamu zaidi ni mikono. Ziwani huoni mbali, kazi ni ya kupapasa: unashika kamba, unashika jiwe. Tumbawe ni mnyama. Nyama yake ni nyembamba juu ya chokaa, ukiigusa inachubuka na maradhi yanapata pa kuingilia. Kwa hiyo nilikunja mikono kifuani, nikalaza mwili, nikapanda na kushuka kwa mapafu tu. Ukivuta pumzi ndefu, hupandi papo hapo. Inachukua sekunde kadhaa. Wengi hawasubiri, wanabonyeza kitufe cha jaketi, kisha wanapaa kuliko walivyotaka. Lakini pumzi usiibane kamwe ukiwa chini, kwani unapopanda hewa hutanuka na inaweza kupasua mapafu. Ukitulia hivyo utawasikia pono waking'wafua mwamba kwa meno, na utaona mchanga mweupe ukiwatoka kwa nyuma kama moshi.

Masikio yazibue kuanzia juu ya maji, kabla hayajauma, kisha kila baada ya mita moja. Mita 10 za kwanza ndizo zinazoongeza mgandamizo maradufu. Yakiuma, panda kidogo ujaribu tena, usilazimishe. Mwonyeshe kiongozi geji ya mtungi ikifika baa 100, na uibuke ukiwa umebakiza 50. Panda taratibu, isizidi mita 9 kwa dakika, usimame dakika 3 kwenye mita 5.

Kinachosahaulika sana na sisi wa huku ni safari ya kurudi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ndege hukupa hewa nyepesi zaidi ya hiyo. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini ikiwa bado haijatoka, hufanya mapovu. Baada ya kuzamia mara moja, zipite angalau saa 12 ndipo upande ndege. Ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, angalau saa 18. Siku ya mwisho mimi siingii majini kabisa. Na usidhani njia ya nchi kavu inakuokoa: Dodoma nayo iko juu ya mita 1,100, na treni ya SGR inakufikisha huko kwa saa chache tu kutoka Dar. Natumia hesabu ile ile.

Ukifika nyumbani viungo vikauma, ukapata ganzi au uchovu usio wa kawaida, nenda hospitali, sema wazi kwamba ulizamia na lini, uombe oksijeni. Usipande ndege kwenda kutafuta tiba kabla daktari anayejua uzamiaji hajakuruhusu.