Mama nyuma ya maporomoko ya Silver Falls

Mwaka wa sita huu nabeba boksi hapa Salem, Oregon. Silver Falls iko chini ya mwendo wa saa moja kwa gari, na sikuwahi kukanyaga. Zamu za usiku zinakula mtu. Mpaka mama alipokuja kutoka Marangu, kwetu mlimani Kilimanjaro, mwezi wa pili, ndipo nikaenda.

Ni hifadhi ya jimbo. Njia yake kuu inazunguka korongoni, zaidi ya kilomita 11, ikipita maporomoko kumi. Magoti ya mama hayawezi, kwa hiyo tulishuka South Falls tu, polepole, nimemshika mkono, maana lami ilikuwa inateleza. Miti mirefu ajabu, mingine imevaa kuvumwani mpaka kwenye vitawi. Mvua ya manyunyu haikatiki.

South Falls inaanguka mita 54. Juu ni mwamba mgumu wa volkano. Tabaka la chini ni laini, maji yameling'ata miaka na miaka mpaka likabaki pango, na njia inapita humo ndani. Unayatazama maji kwa nyuma. Kifua kinatetemeka kwa ule mngurumo. Mama akavua glavu, akaupapasa mwamba mweusi, akasema, "Mwanangu, hili jiwe ni la kwetu kabisa." Kisha akakinga kiganja kwenye matone yanayodondoka darini, akanawa uso.

Akaniuliza, "Mfongo wao uko wapi?"

Nilimwelewa upesi. Kwetu mlimani maji hayaachwi hivi hivi. Babu zetu walichimba mifongo, yaani mifereji, kuyaleta mgombani, na kila kaya ina zamu yake. Mwezi wa pili ni kiangazi, watu wanaamka alfajiri kuyalinda. Nikamwambia haya hapa yanashuka tu mpaka Mto Willamette, yanaingia Columbia, yanaishia Pasifiki.

"Hakuna wa zamu?"

"Hapa hakuna, mama."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaomba simu yangu amrekodie mama mdogo sauti. Ilikuwa saa sita mchana kwetu hapa, kule nyumbani saa tano usiku. Alisema maneno machache ya Kichagga, akainyoosha simu kuelekea kwenye maji, akaishikilia hivyo mpaka mkono ukamchoka, nami nikamshika kiwiko.