Kibano cha bibi

Leo mchana, katika zahanati ya kijiji wilayani Kongwa ninakojitolea kama tabibu, aliletwa bibi mmoja wa Kigogo akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake.

Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akafungua pindo la khanga yake na kunionyesha kibano kidogo cha chuma kilichochakaa.

Kwa miaka mingi amekuwa aking'oa kope zake kwa kibano hicho, kwa sababu zimegeukia ndani na kila anapopepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Mkono wake unapotetemeka, mjukuu humsaidia. Mtoto wa shule ya msingi!

Hiyo ndiyo trakoma, au vikope: bakteria huenezwa kwa mikono, nguo na nzi wanaofuata tongotongo, na maambukizi yanayojirudia tangu utotoni huacha makovu yanayokunja ukope. Katika nchi kavu kama hii, ambako ndoo ya maji hufuatwa mbali, kunawa uso si jambo dogo.

Nimemwandikia rufaa ya upasuaji mdogo wa kope, unaofanywa kwa ganzi. Nilimweleza zaidi ya mara moja, kwa kuwa aliogopa kwamba jicho lingetolewa.

Aliniuliza kama nitakichukua kibano chake. Nilimwachia, kwani kope hazitasubiri siku ya upasuaji.

Ndugu zangu, nani kati yenu ana bibi au mama anayeng'oa kope hivi? Tafadhali niandikieni hapa, na mliowahi kumsindikiza mgonjwa kwenye upasuaji huu mtueleze mlivyomtoa hofu.