Usiku Mkwawa Aliposahau Maneno

Julai 2013 nilikuwa Iringa kwa shangazi, kwenye ile baridi ya kuvaa makoti mawili. Jioni moja binamu yangu akanipeleka Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, kuangalia vijana wa kijiji wakiigiza maisha ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Nilikwenda shingo upande. Miezi michache nyuma nilikuwa Bagamoyo, pale TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na nilikuwa nimeona waigizaji walioisomea kazi yao. Mama mmoja jukwaani alimzika mwanawe. Alinyamaza muda mrefu, mikono imelegea, ukumbi mzima ukanyamaza naye. Kimya kile kilifanyiwa mazoezi, kila pumzi na mahali pake. Sikujua jina lake wala sikutaka kulijua. Kwangu alikuwa mfiwa.

Kalenga niliwajua waigizaji kabla pazia halijafunguliwa, maana walioketi nyuma yangu waliwataja kwa sauti: yule mtoto wa fundi baiskeli, huyu anauza vitumbua stendi. Zelewski, kamanda Mjerumani ambaye Wahehe walimwita Nyundo, alikuwa kijana mwembamba aliyejipaka unga usoni. Vita vya Lugalo vya Agosti 1891 vilipiganwa na watu tisa juu ya meza zilizounganishwa. Mkuki ukavunjika. Sauti hazikufika nyuma.

Ikaja 1898. Mkwawa yuko porini, Wajerumani wanamkaribia, na kabla ya kujipiga risasi anatakiwa kusema maneno yake ya mwisho. Mtoto wa fundi baiskeli akafungua kinywa. Maneno hayakuja. Mwenzake nyuma ya pazia akamnong'oneza, hakusikia. Nikainamisha kichwa kwa kumwonea huruma.

Bibi mmoja wa benchi la mbele, amejifunika blanketi, akasimama taratibu.

"Kamwene, Mtwa," akasema.

Kijana akamtazama, akaitikia. Bibi akapiga goti. Wanawake waliokaa naye wakapiga magoti pia, wakamwamkia Mtwa wao, yaani mtawala wao, kwa Kihehe, mmoja baada ya mwingine. Kijana machozi yakamtoka. Yale maneno hakuyasema kabisa. Akaenda nyuma ya pazia, na huko mtu akapiga debe: pa!

Mama wa Bagamoyo alinisahaulisha kwamba anaigiza. Hapa hakuna aliyesahau. Walijua ni mtoto wa nani, na bado walimuaga mtawala aliyekufa miaka 115 iliyopita, ambaye fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, linatunzwa kijijini hapohapo kwenye makumbusho. Nilikuwa nalia, na binamu yangu pia.

Nje nilimkuta bibi akimfunika kijana kwa blanketi lake. Kijana alikuwa bado anatetemeka, anaomba radhi.

"Kesho mnacheza tena, mjukuu wangu?"

"Tunacheza, bibi."

"Basi nitakuja na wenzangu wa ng'ambo ya mto."