Tulivyosaka hazina Kolo bila kufukua hata jiwe

Mwaka jana zamu ya kuandaa bonanza la ofisi iliniangukia mimi. Miaka yote tulikuwa tunakwenda uwanjani hapahapa Dodoma mjini, tunavuta kamba, tunafukuza kuku, tunakula pilau, tunarudi nyumbani. Watu wa hesabu wanakaa na watu wa hesabu, madereva wana mti wao. Safari hii nilitaka watu wachanganyike kweli.

Nilishasikia kwamba Ulaya makampuni huwapeleka wafanyakazi kwenye miji ya kale ya sanaa, kama Florence na Venice, wanagawanywa vikundi, wanapewa mafumbo, wanazunguka mitaani kusaka majibu kwenye kuta na sanamu. Nikajiuliza, kuta zetu sisi ziko wapi? Ziko Kolo, wilayani Kondoa, kama kilomita 180 kutoka Dodoma kwa lami ya Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na katika ofisi yetu yenye watu 28, waliokwisha kuiona walikuwa wawili tu.

Wiki mbili kabla nilikwenda peke yangu kukagua. Mpango wangu ulikuwa kuficha bahasha chini ya mawe karibu na michoro, kikundi kikizipata kinapata zawadi. Mzee aliyeniongoza kupanda Mungomi wa Kolo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha mashimo.

"Unaona haya, mwanangu? Watu wanachimba usiku. Wanasema Mjerumani alizika dhahabu hapa wakati wa vita. Ukiwaleta watu wako wakainua mawe, kesho watakuja wengine na majembe."

Akaniambia pia kwamba wazee wa Kirangi bado wanapanda pale kufanya matambiko. Nilishuka mlimani kimya. Bahasha zote nilizitoa kwenye mpango usiku uleule.

Nilichofanya badala yake ni vitendawili. Hakuna kuficha wala kuokota; hazina ni kile ukionacho, na ushahidi wako ni mchoro uliounakili kwa penseli. Niliandika saba. Kimoja kilisema: "Mwili unyasi, kichwa mzinga, aliyenichora keshazikwa, mimi bado nasimama." Kingine: "Porini namkimbia, hapa nampima kwa kiganja."

Siku yenyewe tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukanywa chai Kondoa mjini, tukalipa viingilio ofisini pale Kolo. Coaster ikabaki hapo, maana njia ya kwenda mlimani ni mbaya, tukapanda kenta ya kukodi, halafu miguu. Vikundi vinne vya watu saba, hakuna wawili wa idara moja isipokuwa pale iliposhindikana kabisa, na viongozi wa vikundi niliwachagua kutoka kwa vijana. Meneja wetu alibeba dumu la maji la kikundi chake kwa amri ya binti wa mapokezi, na alilibeba mpaka juu.

Kwenye kile cha kiganja nilikosea. Kijana mmoja alipomwona tembo mwekundu ukutani, alinyoosha mkono ampime kweli. Mzee alipaza sauti, "Usiguse!" Mkono ulikuwa umebakiza kama inchi mbili. Akatueleza taratibu kwamba jasho na mafuta ya vidole hula rangi, na kwamba kumwagia maji ili picha ing'ae, kama watu walivyozoea, kumeharibu nyingi. Makosa yalikuwa yangu, si ya kijana.

Kitendawili kilichotuweka muda mrefu ni cha mwisho: kati ya picha zilizopandana, ipi ilitangulia? Hapo ndipo mhasibu wetu, mama asiyesema sana vikaoni, alipiga magoti, akainamisha kichwa ubavu, akafuata mstari mmoja kwa macho kama dakika kumi. "Huu unakatwa na ule," akasema. "Wa chini ndio mkubwa kwa umri." Dereva akabisha. Wakabishana wawili hao, ambao sikuwahi kuwaona wakizungumza zaidi ya salamu, mpaka mzee akaingilia kumuunga mkono mama. Akatuambia kuwa mwaka 1951 wanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walikaa huku wakinakili michoro kama sisi tulivyokuwa tunafanya, na kwamba hii myekundu ni ya kale kuliko ile myeupe inayoonekana kule kijijini Pahi.

Nakala ya mhasibu ndiyo iliyoshinda. Imebandikwa sasa ukutani karibu na mashine ya fotokopi, na dereva bado hupita pale akaikagua.

Wakati wa kuagana mzee aliomba tumwachie karatasi za vitendawili, awatumie wanafunzi wanaofika pale. Nilimpa sita. Cha tembo nilikirudia kwanza, nikamtumia baadaye: "Porini namkimbia, hapa nampima kwa jicho."