Viti vya Mwaka 1868

Kutoka Clarkston, mji mdogo kando ya Atlanta, hadi makao ya Bunge la Georgia, jimbo la Marekani, si safari ya kumtambia mtu. Unapanda basi mpaka stesheni ya Indian Creek, unaingia treni ya mstari wa buluu, na baada ya vituo vichache uko katikati ya Atlanta. Mimi lakini nilikuwa nimeifunga safari hiyo moyoni tangu Dar es Salaam. Mwenzangu alikuwa mzee mmoja wa Bukavu, jirani wa dada yangu; Clarkston imejaa wakimbizi, na Kiswahili cha Kongo utakisikia hadi dukani. Miaka yote aliyokaa huko hakuwahi kuingia mahali zinapotungwa sheria za jimbo.

Tulipoteremka stesheni ya Georgia State, baridi ya Februari ikatupokea kwa makofi. Kuba la bunge liling'aa juu yetu. Ni dhahabu kweli, ilichimbwa Dahlonega, kaskazini mwa jimbo, na ikapakwa pale mwaka 1958. Mlangoni tukapekuliwa, tukaruhusiwa bila kulipa hata senti, tukapanda ngazi za marumaru hadi roshani ya wageni, ghorofa ya nne.

Bunge hili hukaa siku 40 tu kwa mwaka. Huanza Januari, na kwa kuwa siku za mapumziko hazihesabiwi, kikao huvutika hadi Machi au hata Aprili. Wawakilishi ni 180, maseneta 56. Chini yetu mmoja alikuwa akihutubia, wenzake wakipiga soga na kupita huku na huko kama watu wa sokoni.

"Hawa banasikilizana kweli?" mzee akaninong'oneza.

Nikamwambia kilichonileta. Jengo hili lilikamilika mwaka 1889, ila kiwanja chake ndipo lilipokuwa jengo la manispaa, na humo ndimo lilimokutana bunge la 1868, mwaka ambao makao makuu ya jimbo yalihamishwa kutoka Milledgeville. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma. Watu weusi, wengi wao watumwa wa juzi tu, walikuwa wamepiga kura, na weusi 33 wakachaguliwa, watatu kati yao maseneta. Aliyevuma zaidi alikuwa Henry McNeal Turner, mchungaji aliyewakilisha watu wa Macon.

Kikao kilifunguliwa Julai. Septemba tayari wabunge weusi walikuwa wameshatimuliwa. Hoja yenyewe ilikuwa ya kisheria, na ndiyo inayonikera kuliko matusi: katiba mpya ya jimbo ilimpa mweusi haki ya kupiga kura, lakini haikutamka wazi kwamba anaweza kushika madaraka. Turner alikuwa mmoja wa walioiandika katiba hiyo. Yeye na weusi wenzake waliwaamini wazungu waliokaa nao, wakaacha kifungu hicho kidondoke. Siku ya tarehe 3 Septemba alisimama akasema hatajikomba wala kuomba haki yake kwa mtu. Kisha wawakilishi wakapiga kura ya kuwafukuza, 83 kwa 23. Machotara wanne, wenye weupe wa kutosha, wakaachwa vitini kwanza. Siku chache baadaye Seneti nayo ikafanya yake.

"Sasa ile kura ya batu ilienda wapi?" mzee akauliza.

Viti walipewa walioshindwa. Aliyeshika nafasi ya pili kwenye uchaguzi aliitwa aje akae.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Nikamalizia kwa kifupi: mmoja wa waliofukuzwa, Philip Joiner, aliongoza watu kwenda mkutano wa siasa katika mji wa Camilla tarehe 19 mwezi huohuo, wazungu wakawafyatulia risasi na kuua watu kadhaa. Mwaka 1869 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba mweusi anaweza kushika madaraka, Kongresi, bunge la nchi nzima, ikaingilia kati Desemba, na Januari 1870 walirudishwa. Hawakudumu. Kufikia 1908 jimbo lilishabadili katiba ili kuwanyang'anya weusi kura, na mpaka 1962, alipochaguliwa Leroy Johnson, Seneti haikuwa na mweusi.

Nje, kwenye bustani, jenerali John B. Gordon amekaa juu ya farasi wa shaba tangu 1907. Huyu ndiye aliyeshindwa ugavana mwaka 1868 na Rufus Bullock, na anatajwa kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha na kuwaua weusi, jimboni. Upande mwingine ndiko iliko kazi ya John Riddle, ya miaka ya 1970, kuwakumbuka wale 33. Inaitwa, kwa tafsiri yangu, "Wamefukuzwa kwa Sababu ya Rangi Yao". Haina farasi.

Mzee akavua kofia, akasimama kando yake, akanipa simu nimpige picha.

"Angalia ile farasi isiingie mu picha."

Nikamwambia farasi yuko mbali, upande wa pili wa jengo.

"Ata ivyo," akasema.